Kushusha Kimo cha Nyuma cha Pikipiki Kuukuu: Njia Salama na Zile za Kuepukwa

Katika kata nyingi, pikipiki ndiyo inayoifikisha huduma ya Halmashauri mlangoni kwa mwananchi. Hubeba kasha la chanjo hadi kwenye zahanati, humpeleka afisa ugani shambani, na humrudisha mtendaji ofisini jua linapozama. Sehemu kubwa ya pikipiki hizo ni za miaka mingi. Baadhi zilibaki baada ya miradi kumalizika, nyingine zimenunuliwa na wananchi kwenye minada. Ziliundwa zikiwa na kimo kirefu kwa makusudi, ili zivuke makorongo na mawe bila kugusa injini chini.

Kimo hicho, ambacho ni neema njiani, hugeuka kuwa mtihani kwa mwendeshaji mwenye miguu mifupi. Anaposimama kwenye tope au kwenye mteremko, ncha tu za vidole vyake hugusa ardhi. Pikipiki ikiegama kidogo, hana nguvu ya kuizuia. Anguko la namna hii halitokani na mwendo kasi. Hutokea pikipiki ikiwa imesimama, nayo huvunja vifundo vya miguu na mikono, huunguza ngozi kwenye bomba la moshi, na kumwaga mzigo uliobebwa. Ndiyo maana waendeshaji wengi, hususan watumishi wa kike, huwaendea mafundi na kuomba pikipiki ishushwe upande wa nyuma.

Ombi hilo ni halali na kazi hiyo inawezekana. Hata hivyo, ikifanywa pasipo kipimo huondoa hatari moja na kuzaa nyingine iliyo kubwa zaidi. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, kwa utaratibu wa kuanzia na zile nafuu.

Je, ni lazima kuishusha?

Swali la kwanza si namna ya kushusha, bali ni kiasi gani kinachohitajika. Mwendeshaji hahitaji kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Inatosha mguu mmoja ukanyage kikamilifu, au nyayo zote mbili zifike kwa sehemu ya mbele. Apimwe akiwa amevaa viatu anavyovaa kazini, kwa kuwa buti lenye soli nene humwongezea takriban sentimita 2, na sentimita 2 ni nyingi katika jambo hili.

Baada ya hapo kitazamwe kiti. Kiti kipana upande wa mbele huyatanua mapaja na kuifanya miguu ishuke kwa mshazari badala ya kunyooka. Fundi wa viti akikata sponji pembeni na kupunguza kiasi juu, mwendeshaji huweza kupata sentimita 2 hadi 3 bila spana kugusa sehemu yoyote ya chuma. Sponji isikatwe hadi mwili uhisi bati lililo chini yake, kwani safari ndefu juu ya kiti cha aina hiyo huumiza uti wa mgongo. Kwa waendeshaji wengi, kazi huishia hapa, na gharama yake ni ndogo.

Kupima mbonyeo wa springi

Hatua ya pili ni kupima jinsi pikipiki inavyobonyea. Kazi hii inahitaji futi kamba na watu wawili. Pikipiki huinuliwa mpaka gurudumu la nyuma lining'inie hewani, kisha hupimwa umbali wa wima kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye fremu. Baadaye pikipiki hushushwa, mwendeshaji hukaa akiwa na mavazi na mzigo wake wa kawaida, na umbali uleule hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mbonyeo.

Mbonyeo unaofaa ni kati ya robo na theluthi ya mwendo mzima wa gurudumu kwenda juu na chini. Ikiwa mwendo huo ni milimita 120, mbonyeo uwe kati ya milimita 30 na 40. Pikipiki inayobonyea chini ya hapo, pengine kwa sababu springi zilikazwa zamani kwa ajili ya kubeba magunia, inaweza kushushwa kwa kuilegeza kola yenye ngazi iliyo kwenye shokapu. Pande zote mbili zilegezwe kwa ngazi zilizo sawa.

Wapo wanaoamini kuwa kuizungusha kola hiyo huifanya springi iwe ngumu au laini. Sivyo. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya wake, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko yake. Kola huinua au kushusha pikipiki tu. Kwa hiyo, mwenye kuilegeza kupita kiasi hupata pikipiki fupi, lakini hupoteza nafasi ya gurudumu kupanda, na kila shimo litagonga mwisho wa shokapu kwa kishindo.

Iwapo mbonyeo tayari umepita theluthi, hilo si suala la kimo bali ni dalili ya uchakavu. Springi zimechoka au shokapu zimepoteza mafuta. Pikipiki ya hali hiyo haifai kushushwa. Inapaswa kutengenezwa kwanza.

Ukaguzi wa pikipiki kuukuu

Kabla ya badiliko lolote, fundi akague mambo manne. La kwanza ni fimbo ya shokapu: ikiwa na utelezi wa mafuta au kutu yenye vishimo, shokapu hiyo imekwisha. La pili ni bushi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Gurudumu lisukumwe kushoto na kulia kwa mkono; likicheza, bushi zibadilishwe. La tatu ni fremu, hasa mahali shokapu zinapofungwa, ambapo nyufa hujificha chini ya rangi na matope. La nne ni boliti zenyewe. Boliti iliyoliwa na kutu isirudishwe, na nati za kujikaza zenye duara la nailoni ndani zinunuliwe mpya kila zinapofunguliwa.

Shokapu pacha hubadilishwa kwa jozi. Kufunga mpya upande mmoja na kuacha chakavu upande wa pili huufanya mkono wa nyuma ujipinde, na pikipiki huyumba kwenye kona.

Urefu mbili za shokapu

Iwapo kiti na kola havikutosha, hubaki njia ya kufunga shokapu fupi zaidi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu wauzaji na wanunuzi huulizana urefu mmoja tu, ilhali shokapu ina urefu mbili: urefu ikiwa imenyooka, na urefu ikiwa imebonyea hadi mwisho.

Mfano utaliweka jambo hili wazi. Tuseme shokapu ya awali ina milimita 330 kutoka tundu hadi tundu, na mwendo wake ni milimita 80. Ikibonyea kikamilifu inabaki na milimita 250. Waundaji wa pikipiki waliacha nafasi kati ya tairi na madigadi kwa kutegemea kipimo hicho cha mwisho. Mmiliki akinunua shokapu ya milimita 310 yenye mwendo uleule wa 80, ikibonyea itafikia milimita 230. Tairi sasa litapanda milimita 20 au zaidi kupita mahali lilipokusudiwa kuishia. Siku atakapompakia abiria na kuingia shimoni, tairi litagusa madigadi, taa ya nyuma au fremu. Tairi linalokamatwa hivyo katika mwendo husimama ghafla, na mwendeshaji hawezi kufanya lolote.

Mmiliki mwingine akichagua shokapu ya milimita 310 yenye mwendo wa milimita 60, ikibonyea itabaki na milimita 250 kama ya awali. Tairi halitagusa kitu. Gharama anayolipa ni kupungua kwa mwendo kwa robo nzima, na kwa hiyo atahitaji springi ngumu kidogo ili shokapu isigonge mwisho mara kwa mara. Hiyo ndiyo njia salama. Fundi mwenye karakana yenye vifaa kamili anaweza pia kuifupisha shokapu ya awali kwa kuweka kipande cha kuzuia ndani yake. Matokeo ni yaleyale, kwani kipande hicho hupunguza urefu ulionyooka bila kubadili ule wa kubonyea.

Kuna namna ya kuhakikisha kabla ya kuingia barabarani. Springi huondolewa kwenye shokapu, shokapu hurudishwa mahali pake bila springi, kisha gurudumu huinuliwa kwa mkono au jeki mpaka mwisho. Kati ya tairi na kila kilicho juu yake ibaki nafasi ya kutosha kupitisha kidole. Nyaya za taa, bomba la moshi na kikinga mnyororo vitazamwe pia.

Kwa pikipiki yenye shokapu moja katikati, kama zilivyo Yamaha DT 125 nyingi, tahadhari iwe kubwa zaidi. Katika mfumo huo gurudumu husafiri umbali mrefu kuliko shokapu, mara nyingi mara mbili au zaidi. Milimita 10 zinazopunguzwa kwenye shokapu au kwenye vyuma vinavyoiunganisha zinaweza kuwa milimita 20 hadi 30 kwenye gurudumu. Kazi hiyo si ya kukisia.

Njia za kuepukwa

Njia ya kwanza isiyofaa ni kukata springi. Springi yenye mizunguko 20 inayofanya kazi, ikikatwa minne, huwa ngumu zaidi kwa asilimia 25, kwa kuwa mzigo uleule sasa unabebwa na mizunguko 16. Aidha, gurudumu linapodondoka shimoni springi fupi hulegea na kuweza kutoka kwenye kikalio chake, na ncha yake iliyokatwa, ambayo haikusawazishwa, huikalia kola upande mmoja.

Njia ya pili ni kuichoma springi kwa gesi ili ikae chini. Chuma cha springi kilipewa uimara wake kwa joto lililopimwa kiwandani. Moto wa kubahatisha huuondoa uimara huo, na springi huendelea kuzama kila wiki, au hukatika.

Njia ya tatu ni kuchomelea vishikio vipya kwenye fremu ili shokapu zilale. Shokapu inayolazwa hupoteza nguvu dhidi ya uzito wa gurudumu, hivyo nyuma huwa laini mno. Zaidi ya hayo, bomba la fremu lililochomelewa vibaya hupasuka pembeni ya weldi, taratibu na bila kuonekana.

Njia ya nne ni kufungua shokapu bila kifaa cha kubana springi. Springi iliyobanwa huruka kwa nguvu ya kutosha kuvunja taya. Shokapu yenye gesi ndani yake isitobolewe wala kufunguliwa nje ya karakana yenye vifaa vyake.

Nyuma ikishuka, mbele nako hubadilika

Pikipiki ni kama mzani. Upande mmoja ukishuka, mwingine hubadilika hata usipoguswa. Kwa pikipiki yenye umbali wa mita 1.35 hivi kati ya ekseli mbili, kushusha nyuma kwa milimita 25 huzilaza shokapu za mbele kwa takriban nyuzi moja. Usukani huwa mzito kugeuka, na uzito huhamia nyuma. Athari yake huonekana wazi mlimani: pikipiki iliyopakiwa huwa nyepesi mbele, na gurudumu la mbele huanza kuinuka mahali ambapo zamani lilitulia.

Kwa sababu hiyo, mbele nako hushushwa kwa kiasi kinachokaribiana na nyuma. Boliti zinazobana shokapu za mbele hulegezwa, mirija husukumwa juu sawasawa pande zote mbili, kisha hukazwa tena. Fundi athibitishe kwamba tairi la mbele na madigadi yake havigusi chochote shokapu zinapobonyea, na kwamba mirija iliyochomoza haizuii usukani wala kukwaruza nyaya.

Faida nyingine ya kushusha pande zote mbili ni kimo chenyewe. Kwa kuwa kiti kipo mbele ya ekseli ya nyuma, kushusha nyuma pekee kwa milimita 25 hushusha kiti kwa milimita 17 hivi. Pande zote mbili zikishuka milimita 25, kiti nacho hushuka milimita 25. Kwa hiyo si lazima nyuma ishushwe sana ili mwendeshaji afike chini.

Kazi yenyewe karakanani

Pikipiki isimamishwe penye sakafu ngumu na tambarare, gurudumu la mbele likiwa limezuiwa kwa kigingi. Jeki au gogo imara liwekwe chini ya fremu, si chini ya bomba la moshi. Kwenye pikipiki ya shokapu pacha, itolewe moja na kufungwa mpya kabla ya kugusa ya pili, isipokuwa katika zoezi la kuinua gurudumu lililoelezwa hapo juu, ambapo fremu sharti ishikiliwe na jeki muda wote. Boliti zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo.

Baada ya shokapu kufungwa, kazi haijakwisha. Mambo matano hufuata, na ndiyo yanayosahauliwa zaidi.

Kwanza, stendi ya pembeni. Pikipiki iliyoshuka husimama wima mno juu ya stendi ileile, na upepo au mtoto anayeigusa huiangusha upande wa pili. Stendi ifupishwe kwa kadiri ya kimo kilichopungua. Stendi ya kati nayo huwa ngumu kupandisha, na huenda ikahitaji marekebisho.

Pili, mnyororo. Mkono wa nyuma ukibadili pembe yake, ulegevu wa mnyororo hubadilika. Mnyororo huwa mkavu kuliko wakati wote pale gia ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Upimwe katika hali hiyo, na usiachwe bila ulegevu, kwani mnyororo uliokazwa mno hukatika au huharibu beringi za injini.

Tatu, breki ya nyuma. Fimbo inayovuta breki ya ngoma hubadili mkao wake mkono wa nyuma unapobadilika. Ulegevu wa kanyagio upimwe mwendeshaji akiwa ameketi, na gurudumu lizungushwe kuhakikisha kwamba breki haishiki yenyewe.

Nne, taa. Nyuma ikishuka, mwanga wa mbele huinuka na kuwapiga machoni wanaokuja. Taa irekebishwe usiku, mbele ya ukuta.

Tano, nafasi ya chini. Sentimita zilizoondolewa kwenye kiti zimeondolewa pia chini ya injini, na pikipiki itagusa ardhi mapema zaidi ikilala kwenye kona. Njia ya mawe iliyopitika jana huenda isipitike leo kwa mwendo uleule.

Majaribio yafanywe kwa hatua: kwanza mwendeshaji peke yake katika uwanja, kisha barabara ya kawaida, kisha akiwa na mzigo. Baada ya kilomita 50 hivi, boliti zote zikaguliwe upya.

Utaratibu kwa pikipiki za umma

Pikipiki ya umma ni mali ya Serikali, na mtumishi hana mamlaka ya kuibadili kwa hiari yake. Anayeona kuwa kimo cha pikipiki aliyokabidhiwa kinamhatarisha aandike kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia mkuu wa idara yake, akieleza tatizo na safari anazofanya. Kazi hufanywa na TEMESA au katika karakana iliyoidhinishwa, na badiliko huandikwa katika kumbukumbu za chombo ili mtumishi atakayekipokea baadaye ajue alichokabidhiwa. Mara nyingine jibu bora ni kubadilishana: aliye mrefu achukue pikipiki ndefu, na aliye mfupi apewe yenye kiti cha chini. Ombi la namna hiyo si udhaifu wala uvivu. Ni sehemu ya usalama kazini.

Wamiliki binafsi, wakiwamo waendesha bodaboda, wanakumbushwa kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kiwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara. Ni vyema pia kampuni ya bima ijulishwe kabla ya badiliko, wala si baada ya ajali. Shokapu za awali zihifadhiwe, kwani huenda mnunuzi wa kesho akawa mrefu. Na abiria wa bodaboda ana haki ya kumwuliza dereva iwapo pikipiki imeshushwa, na ya kukataa kupanda endapo anaona tairi linakaribia kugusa madigadi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi anayetumia saa moja kuinua gurudumu bila springi na kupitisha kidole chake juu ya tairi hajapoteza muda. Ameona akiwa karakanani kile ambacho mwendeshaji angekigundua shimoni, akiwa na abiria nyuma yake.